Mkono wa Mkandaji katika Nchi ya Dhahabu

*Waponda mawe na wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga huutegemea mkono wa mkandaji ili waweze kuamka kesho yake. Matabibu wana hadhari zao, na hadhari hizo ni za haki. Baina ya pande hizi mbili yuko mtu mwenye maumivu, naye ndiye asiyeulizwa.*

Na Mwandishi Wetu, Geita

Jua linapoinamia upande wa Chato, na makarasha ya Nyarugusu, mashine zile za kusagia mawe, yanapoanza kupunguza kishindo chake, wanawake walioketi chini tangu asubuhi wakiponda mawe huinuka mmoja mmoja, mkono mmoja juu ya goti na mwingine kiunoni, pumzi ikishushwa kwanza kabla mgongo haujathubutu kunyooka.

Baadhi yao hawaendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia kwa mwanamke mtu mzima wa jirani, asiye na kibao mlangoni wala koti jeupe begani, ila mwenye jamvi, kopo la mafuta ya nyonyo, sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, na vipande viwili vitatu vya kanga kuukuu vilivyokunjwa vizuri.

Mwenye maumivu hulazwa kifudifudi. Kitambaa huchovywa katika maji ya moto, hukamuliwa, hujaribiwa kwanza juu ya mkono wa mkandaji mwenyewe, ndipo kikawekwa kiunoni na kuachwa kitulie. Kisha huja mafuta, machache, yaliyopashwa moto viganjani. Na vidole gumba vikaanza safari yao kandokando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto, bila ya kuukanyaga mfupa wenyewe, vikipanda polepole, vikisimama penye fundo la msuli, vikikaza na kulegeza, huku mkandaji akiuliza kwa sauti ya chini: hapa, au hapa?

Haipiti nusu saa, mtu aliyeingia ameinama hutoka amesimama. Hajaponywa, kwani kesho atarudi kuketi pale pale penye mawe. Lakini amepewa usiku mmoja wa usingizi, na kwa mtu wa kazi ya sulubu usiku mmoja wa usingizi ni sehemu ya riziki yake.

Swali lililomleta mwandishi huyu katika ukanda huu ni hili: huduma hii, ambayo maelfu ya watu huitegemea na ambayo haiandikwi katika daftari lolote, je, iachwe kama ilivyo, ipigwe marufuku, au iinuliwe na kupewa nafasi yake katika mambo ya afya?

Kazi inayodai viungo

Nchi hii imekuwa ikitoa vito na madini kwa muda mrefu. Wajerumani waliitambua dhahabu ya ukanda huu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966. John Williamson aligundua almasi ya Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, mwaka 1940. Katika zama zetu ukaja Mgodi wa Dhahabu wa Geita mwaka 2000, ukafuatiwa na wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Geita yenyewe ikafanywa mkoa mwaka 2012, kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Lakini kandokando ya migodi hiyo mikubwa, yenye mitambo na zahanati zake, wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa, na wenzao wa Kahama, ambao mitambo yao ya kwanza ni migongo yao. Mchimbaji aliyeshuka katika duara, yaani shimo la machimbo, hufanya kazi amechuchumaa, au amelala ubavu pale mwamba unapobana, akigonga tindo kwa nyundo saa nyingi mfululizo. Aliye juu huvuta kamba na kupandisha viroba vya mawe. Aliye mwaloni huinama juu ya maji na matope tangu asubuhi hadi jioni, akiosha mchanga wa dhahabu.

Na wako wanawake wa nyundo. Mwanamke anayeponda mawe huketi miguu ameinyoosha, hushika jiwe kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, na kulipiga hadi ligeuke kokoto ndogo za kupelekwa kwenye karasha. Bega moja hufanya kazi ya mabega mawili. Shingo huinama upande mmoja. Kiuno hubeba uzito wa mwili wote bila ya kuegemea popote. Akirudi nyumbani humngoja ndoo ya maji, kuni, na aghalabu mtoto wa kubeba mgongoni.

Mwili unaotumiwa hivi hudai haki yake. Maumivu ya kiuno, mabega, shingo na magoti yamekuwa ya kawaida mno hata hayahesabiwi kuwa maradhi, na mtu hupelekwa hospitali pale tu anaposhindwa kabisa kusimama.

> *Bega moja hufanya kazi ya mabega mawili, na kiuno hubeba uzito wa mwili wote bila ya kuegemea popote.*

Kidonge kilicho karibu

Njia iliyo jirani zaidi na mchimbaji ni duka la dawa. Humo hununua vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki na jamaa zake, akameza viwili asubuhi ili afanye kazi na viwili usiku ili alale, siku baada ya siku, bila ya kupimwa wala kuulizwa.

Dawa hizi zina manufaa yake, na tabibu huziandika kwa sababu na kwa muda maalumu. Lakini zikimezwa kwa mazoea, tena na mtu mwenye tumbo tupu, huchubua tumbo na kuleta vidonda. Na zikimezwa na mtu aliyetokwa na jasho jingi shimoni bila ya kunywa maji ya kutosha, huziweka figo zake katika hatari. Hivyo mtu hukimbia maumivu ya kiuno yasiyoua, akaangukia maradhi ya figo yanayoua.

Fauka ya hayo, kidonge huondoa ishara bila ya kumpa mtu pumziko. Maumivu yakinyamazishwa, mchimbaji hurudi shimoni kuendelea kuumiza kile kile kilichokuwa kikilia. Ilhali aliye chini ya mkono wa mkandaji analazimika, japo kwa muda mfupi, kulala, kunyamaza na kutofanya lolote.

Elimu yenye nasaba ndefu

Kuna wasomi wanaodhani kwamba kukanda na kuchua ni mabaki ya ujinga wa zamani. Dhana hiyo haina msingi. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliupa ustadi huu nafasi katika kitabu chake cha *Kanuni ya Tiba*, akipambanua baina ya kuchua kwa nguvu kunakoukaza mwili na kuchua kwa upole kunakoulegeza, na akaagiza kila namna itumiwe kwa kadiri ya hali ya mtu. Katika karne ya kumi na tisa Johan Georg Mezger wa Uholanzi aliupangia utaratibu ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vya Ulaya.

Sababu ya mkono kutuliza maumivu nayo imetafutwa. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo habari za maumivu hupita kana kwamba ni mlangoni, na kwamba habari za mguso, zikifika kwa wingi, huweza kuufunga mlango huo kwa sehemu. Ndiyo maana mtu aliyejigonga kiwiko hukisugua hapo hapo, wala hakuna aliyemfundisha. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu siku zile, lakini asili yake haijatupwa.

Na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno, likikumbusha kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu hiyo. Katika tiba ambazo mwongozo ulizikubali, pamoja na mafunzo na mazoezi, kumo kuchuliwa; na katika zile ambazo haukuzipendekeza zimo mikanda ya kufunga kiunoni na dawa za jamii ya afyuni.

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili wa habari hiyo. Mwongozo ule ule unakiri kwamba ushahidi juu ya kuchua bado ni hafifu, na manufaa yake ni ya kiasi. Mkono hupunguza maumivu, hulegeza misuli na kuleta usingizi. Hauungi kilichokatika, wala hautoi uchafu uliojificha ndani ya mwili. Mkandaji anayeahidi zaidi ya hayo anadanganya, au amedanganywa.

Hadhari za matabibu

Hapa ndipo hoja ya matabibu inaposimama, na ni hoja ya kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa ukanda wa machimbo una hatari zake mahsusi.

Ya kwanza ni kifua kikuu. Vumbi la mwamba likivutwa kwa miaka huchakaza mapafu, na mapafu yaliyochakazwa na vumbi hilo hushikwa upesi na kifua kikuu. Maradhi hayo hayakai kifuani tu. Huweza kuingia katika uti wa mgongo, yakala mfupa taratibu, na dalili yake ya mwanzo ni maumivu ya mgongo yanayofanana na uchovu wa kazi. Mtu wa namna hiyo, mwenye homa za jioni, jasho la usiku na mwili unaokonda, akilazwa juu ya jamvi na kukandwa kwa nguvu, huweza kudhurika vibaya, na zaidi ya hayo hupotezewa miezi ambayo dawa zingalimwokoa.

Ya pili ni kuvunjika. Aliyeangukiwa na kifusi au aliyeteleza katika ngazi za duara huweza kuwa na ufa katika mfupa usioonekana kwa macho. Kumchua kabla ya picha ya eksirei ni kucheza na miguu yake.

Ya tatu ni zebaki. Dhahabu ya wachimbaji wadogo bado hukamatwa kwa zebaki, inayoshikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa motoni. Sumu yake huingia katika mishipa ya fahamu, ikaleta mtetemeko wa mikono, ganzi na udhaifu. Ndiyo mojawapo ya sababu za Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania nayo imeuridhia. Mikono inayotetemeka kwa zebaki haitulizwi kwa mafuta ya nyonyo. Inatakiwa iondolewe kwenye zebaki.

Ya nne ni mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu katika shavu la mguu. Huenda damu imeganda katika mshipa wa ndani, na kuuchua ni kuhatarisha donge hilo kung'oka na kusafiri hadi mapafuni.

Ya tano ni mzazi. Desturi ya kumkanda mwanamke aliyejifungua kwa maji ya moto imeenea Tanzania nzima, na ndani yake mna huruma kubwa, kwa maana humpa mama joto, pumziko na mtu wa kumhudumia. Lakini maji yanayochemka yamewaunguza wengi, na aliyejifungua kwa kupasuliwa ana kidonda kisichostahili kubonyezwa wala kuloweshwa. Hali kadhalika, tumbo la mja mzito lisikandwe ili kumgeuza mtoto. Jambo hilo lina hatari kwa wawili.

> *Mkono hupunguza maumivu, hulegeza misuli na kuleta usingizi. Mkandaji anayeahidi zaidi ya hayo anadanganya, au amedanganywa.*

Vivuli viwili juu ya jina jema

Wakandaji nao wana malalamiko yao, na la kwanza ni kuchanganywa na watu wasiohusiana nao.

Kanda ya Ziwa imeonja uchungu wa ramli chonganishi. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyaleta. Na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya uongo wa waganga waliowaahidi watu utajiri, wakiwamo watafutaji wa dhahabu. Januari 2015 Serikali, kwa kinywa cha Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mathias Chikawe, ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wa namna hiyo, na kila mwenye moyo aliipokea kwa shukrani.

Lakini pale ambapo watu hawapambanui, bibi anayekanda viuno huwekwa kapu moja na mpiga ramli, ilhali yeye hatazami nyota, haulizi jina la adui, wala hadai kuku mweusi. Hofu hiyo huwafanya wakandaji wafanye kazi yao kwa kificho, na kazi ya kificho haifundishiki wala haikaguliki.

Kivuli cha pili kimetoka mjini. Katika miji inayokua kwa fedha ya madini, vyumba vinavyoitwa vya masaji vimepata sifa mbaya, kwa sababu baadhi yake huficha biashara nyingine nyuma ya pazia. Watu wa dini na wazazi wana haki ya kulikataa hilo. Hata hivyo, tiba haipaswi kuhukumiwa kwa dhambi ya waliolikodi jina lake. Wakandaji wa asili wana adabu zao za kale: mwanamume huchuliwa na mwanamume, mwanamke na mwanamke, mwili hufunikwa isipokuwa pale panapofanyiwa kazi, na mlango haufungwi kwa komeo. Mwenye kutaka kuandika kanuni za kazi hii ana mahali pazuri pa kuanzia.

Sheria ipo, njia ndiyo haijapitika

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza la kusajili na kusimamia watoa huduma hizo, na katika halmashauri wako waratibu wanaohusika na kazi hiyo. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, imefanya utafiti wa miaka mingi. Na kabla ya sheria yetu, Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikwisha kutambua kwamba waganga wa jadi wana nafasi katika afya ya msingi, madhali wamefunzwa.

Tatizo ni kwamba tunaposema tiba asili, fikra zetu hukimbilia mizizi, majani na chupa za dawa. Mkandaji hana chupa ya kupeleka maabara. Ustadi wake umo vidoleni, na vidole havina lebo. Kwa hiyo husahaulika anapohesabiwa mganga, na husahaulika tena anapohesabiwa mhudumu wa afya.

Kwa upande wa hospitali, wako wataalamu wa fiziotherapia, wasomi wanaofundishwa katika vyuo kama kile cha KCMC, Moshi, ambao hujua kuchua, kunyoosha viungo na, lililo kubwa zaidi, kumfundisha mgonjwa mazoezi yatakayomwezesha kujisaidia mwenyewe. Lakini hao hukaa katika hospitali kubwa, na mwanamke wa nyundo aliye Rwamgasa hawezi kupoteza siku ya kazi na nauli kila juma kwenda kuwaona. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeifanya njia ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, kuwa nyepesi kuliko zamani, lakini halikuifanya bure.

Linalowezekana kufanywa

Tangu Machi 2019 dhahabu ya Geita ina soko lake, lenye mizani, bei na karani wa kuandika. Ni jambo jema, limewaokoa wengi na walanguzi. Basi ikiwa jiwe limewekewa utaratibu wa namna hii, ni insafu pia mwili uliolitoa jiwe hilo ardhini uwekewe utaratibu wake.

Utaratibu huo hauhitaji majengo. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia kutoka hospitali ya mkoa wanaweza kuwakusanya wakandaji wa kata moja kwa siku chache, wakawasikiliza kwanza, kisha wakawafundisha dalili za kumkataa mtu: homa, kukonda, ganzi ya miguu, kushindwa kuzuia mkojo, ajali ya karibuni, mguu mmoja uliovimba, ujauzito. Wakawapa na karatasi fupi ya kumpeleka mtu zahanati, ili mkandaji awe jicho la kwanza la hospitali mahali ambapo hospitali haina jicho.

Nao wataalamu wa hospitali hawatatoka mikono mitupu. Watajifunza jinsi mama wa Nyarugusu anavyosikilizwa kwa lugha yake, na jinsi mtu anavyoguswa kwa heshima bila ya haraka, jambo ambalo msongamano wa wagonjwa umewanyang'anya wengi wao.

Wenye leseni na wenye maduara wana sehemu yao. Kivuli cha kukalia, kiti kifupi cha kuegemea kwa waponda mawe, maji ya kunywa, na saa ya kupumzika mchana ni vitu vya gharama ndogo. Na kila kimoja hupunguza maumivu kabla hayajahitaji mkono wa mtu. Kumwachia mkandaji peke yake kazi ya kutengeneza kila jioni kile tunachokiharibu kila asubuhi ni dhuluma kwake na kwa anayemkanda.

Uamuzi wa mwandishi huyu, baada ya kuzipima pande zote, ni kwamba ukandaji wa upole ni huduma halali, yenye manufaa ya kweli na mipaka ya kweli. Marufuku itaifukuza gizani, na sifa za kupindukia zitaigeuza kuwa hatari. Inatakiwa isajiliwe, ifundishwe na iunganishwe na zahanati.

Na kwako wewe msomaji, mwenye kiuno kinachouma tangu msimu uliopita: ikiwa maumivu yamepita majuma mawili, au yanaandamana na homa, kukohoa, kukonda au ganzi, nenda zahanati kwanza, ukapimwe. Ukiambiwa kuwa ni uchovu wa misuli, nenda kwa mkandaji anayejulikana, mwenye mikono safi na asiyeahidi miujiza. Mwambie anapokuumiza, asimame. Na akimaliza, mlipe ujira wake kamili, kwa maana naye ni fundi.